Ulinzi wa Baba

Newala

Kaka Ashiru,

Shikamoo, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mama mzima, mikorosho imechanua, maji hayajatoka wiki ya tatu. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nimeshindwa kwenye mashindano ya sataranji kule Masasi. Ulisema programu ya simu yako imeupima ulinzi aliotufundisha marehemu Baba kwenye foleni ya maji, ikauona dhaifu. Nikauacha, nikakariri ule wa programu. Hatua tisa nikacheza kama profesa. Ya kumi, Dorika wa Chiungutwa akapeleka farasi mahali ambapo programu haikupataja, nikaanza kubahatisha. Programu ingejua la kufanya, lakini aliyekaa pale mezani ni mimi!

Usinijibu kwamba mashine haikosei. Najua haikosei. Uliyekosea ni wewe: Baba alinielewesha, wewe ukanikaririsha.

Tulipopeana mikono Dorika akaniuliza, "Mwezi mzima nimehangaika kutafuta namna ya kuuvunja ulinzi wa baba yako unaoucheza siku zote, nisiipate. Mbona hukuucheza?"

Nimempa namba yako. Mjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Esha