Sufu Darini kwa Baba

Hafod Wen,
Bonde la Cwm Celyn,
Wales.

2 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Mererid,

Habari za huko Patagonia? Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Ramiro na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima kwa kipimo cha watu wa huku: pua zinachuruzika, viungo vinalalamika, lakini chai inapita. Mimi nimeongezeka uzito, mahali palepale unapopajua. Baba ni mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo macho yako yanalolitafuta.

Unakumbuka jinsi nimonia ilivyomlaza Februari. Alipotoka hospitali, Dada Ceridwen alitangaza kwamba Baba hatalala majira mengine ya baridi katika chumba chake kile kisichoshika joto. Akamtafutia nafasi mjini, kwenye zile nyumba za wazee zenye kengele ya kuvuta ukianguka. Baba akamjibu kwamba yeye hana mpango wa kuanguka. Mimi, kama kawaida yangu, nilikubaliana na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Mwishowe tukapatana hivi: paa lizibwe lisipitishe baridi kabla ya theluji. Chumba kikipata joto, Baba abaki. Kisipopata, ahame, na asiseme neno.

Kwanza alikuja kijana mmoja mwenye tai, anauza povu la kupuliza chini ya vigae. Baba alikaribia kusaini kwa sababu kijana alikula vipande vitatu vya mkate wa zabibu na kumsifia mbwa. Ceridwen akaingia. "Mwanangu," akamwambia, "ukizipaka boriti za zamani povu, zitapumulia wapi?" Kijana akasema zina dhamana. "Sikuuliza dhamana. Nimeuliza zitapumulia wapi." Aliondoka bila kumaliza chai yake.

Basi nikajitolea mimi. Usicheke. Nilinunua mafurushi ya sufu ya kioo, ile ya manjano inayowasha, ya kuzuia baridi, nikapanda darini na taa kichwani kama mchimba makaa. Nikatambaa vizuri juu ya boriti, nikaanza hata kujisifu moyoni, kisha nikakanyaga pasipokanyagwa. Mguu ukapita kwenye lipu ya dari mpaka gotini. Chini yake alikuwa amelala Baba, usingizi wake wa mchana.

 Halafu nikasikia sauti yake: "Idwal, kama unataka kuingia, mlango upo."

Lakini mguu wangu haukushuka peke yake. Ulimwaga juu ya blanketi lake madonge ya kitu cheusi, kinachonuka, na nondo wakaruka chumba kizima. Niliposhuka nilimkuta Baba amekaa kitandani, ameshika donge moja, analichambua kwa vidole. Ilikuwa sufu. Sufu mbichi, haijaoshwa, ya kondoo wetu wenyewe.

Aliniambia hapohapo, bila kunitazama. Ule mwaka wa mwisho wa Mama, bei ya sufu ilishuka hata haikulipa wanyoaji. Mama alikuwa hapati joto. Siku Ceridwen alipompeleka kwa daktari, Baba alibeba magunia peke yake juu ya ngazi, akashindilia sufu juu ya kitanda chao, na hasa kule pembeni, paa linapokutana na ukuta, maana ndiko alikosikia upepo ukipenya. Mama aliporudi akauliza mbona chumba kinanuka zizi. Baba akamsingizia mbwa.

Sasa shida ndiyo hiyo, mdogo wangu. Upepo wa pale pembeni ndio unaolikausha paa. Baba aliuziba. Unyevu ukakosa pa kutokea, sufu ikaoza, ncha za boriti zikalainika, na ule ukungu mweusi nyuma ya kabati, ambao kila mwaka tunaufuta na kuulaumu ukuta, ulikuwa unatoka huko juu.

Ceridwen alipanda kujionea. Akashuka taratibu, vumbi kwenye nywele. Nikaogopa, maana unamjua dada yetu akiwa na haki. Baba ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nilimlaza mama yenu chini ya uozo."

"Mama aliondoka kwa ugonjwa wa moyo, Baba. Si kifua. Daktari alisema mbele yako," akajibu Ceridwen.

"Nilidhani namfunika."

Ceridwen akakaa kitandani kando yake, kwenye uchafu wote ule, na sketi yake ya kanisani. "Mama aliniambia mwaka ule ndio alilala vizuri," akasema. "Aliniambia, Ceri, sijui baba yako amefanya nini chumba hiki, lakini miguu yangu ina joto."

Kama ni kweli sijui. Sikumuuliza, na wewe ukimpigia simu usimuulize.

Baada ya hapo uchaguzi haukuwa mgumu. Mafurushi yangu yalirudi dukani. Ceridwen alikuwa amesoma kwamba nyumba ya mawe kama yetu inataka kitu kinachovuta unyevu na kuuachia, na kitu hicho ni sufu ya kondoo, ila iliyooshwa, ikatiwa dawa ya nondo, ikaviringishwa kama zulia.

"Ninunue sufu?" Baba akauliza. "Mimi?"

"Wewe."

"Wakinisikia wafugaji wenzangu mnadani?"

"Tutasema ni ya Idwal."

Fundi seremala alikata ncha zilizooza na kuunga mpya. Sufu tukailaza mimi na Ceridwen, tabaka mbili, tukaacha njia ya upepo kule pembeni, na chini ya tangi la maji la hapo darini tukaacha wazi ili joto la chumba lilifikie, maji yasije yakaganda. Niliruhusiwa kukaa juu ya ubao mmoja tu na kupokea vitu. Baba alisimama chini ya ngazi akilalamika kwamba sufu yenyewe ni ya kondoo wa tambarare, waliolelewa kwa kubembelezwa.

Jumatano sakitu ya kwanza, ile barafu nyembamba ya usiku, ikaanguka. Ceridwen alikuja asubuhi kumchukua Baba wakakione kile chumba cha mjini, kwa kuwa jibu lilikuwa linatakiwa siku hiyo. Alimkuta uani na koti lake, anatazama juu. Paa letu lilikuwa jeupe tupu, sakitu haijayeyuka hata kidogo, wakati la banda la jirani lenye hita lilikwisha kuwa jeusi na kutiririka.

"Joto letu limebaki ndani," Baba alimwambia. "Ingia ulitazame."

Akaingia. Akaweka kiganja ukutani, nyuma ya kabati. Kisha, Mererid, akavua koti. Katika chumba kile. Akalitundika mlangoni, akaketi, akaomba chai. Nafasi ya mjini ameshapewa mzee mwingine.

Nisalimie Ramiro na watoto, na mama mkwe wako. Ceridwen anakusalimu, mke wangu Lowri naye anakukumbatia. Baba anasema safari hii usije Julai kama watalii. Njoo Januari. Utalala chumbani kwake, yeye atahamia changu, mimi na Lowri tutajua pa kulala, kwa sababu anataka ulisikie joto hilo mwenyewe.

Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi kaka yako, mwenye mguu mmoja darini na moyo wote kwako,

Idwal