Wanajumuiya Walipokuta Mlango Umefungwa

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu bado wanaamkiana, lakini nisipokuamkia utasema umeondoka tu na adabu nimeipoteza.

Nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chetu hapa Tandale. Rasharasha imekatika sasa hivi, bati linadondosha matone mojamoja. Tangu uondoke naishi hivi, nusu niko macho, nusu naota. Napepeta mchele, mara najikuta nimesimama tu na ungo mkononi, nakuona upande wa pili unafunga kilemba cha kwendea kanisani. Nikikuita naona ukuta tu.

Nina jambo la kukiri, na ni bora ulisikie kwangu. Niliacha kusali. Ile novena ya siku tisa niliyoianza ulipolazwa, siku nane niliisali kwa magoti, nikimwambia Mungu sina mwingine ila wewe. Siku ya tisa, asubuhi, ndiyo uliyoondoka. Nikarudi nyumbani, nikaisukumia rozari yako chini ya godoro, nikamwambia Yeye: basi, tusisumbuane. Waliokuja kunipa pole walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia amina ya mdomoni. Nilikuwa na hasira naye, Mama. Nilimnunia kabisa.

Jumamosi iliyopita zamu ya kusalisha jumuiya ikaangukia kwetu. Orodha ile unaijua, kila wiki nyumba moja, saa kumi na mbili asubuhi, iwe msiba, iwe harusi. Mama Koleta, bado ndiye mwenyekiti, alinikumbusha mara mbili. Nami nikapanga uongo wangu, kwamba nitasema nilikwenda Kimbiji kwa shangazi. Alfajiri ile nilitoka chooni, nikaingia ndani, nikatia komeo, nikazima taa na kujikunyata kitandani kama mtoto aliyevunja sahani.

Wakaja. Wakabisha, wakaniita, kisha wakanong'onezana. Nikajua wanaondoka. Kumbe Bi Mwanahawa wa chumba cha mbele, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali, aliwatolea mikeka yake, wakakaa palepale mbele ya mlango wangu. Rozari ikaanza. Sauti zao zilipita chini ya mlango pamoja na ubaridi na harufu ya udongo uliolowa, mimi nimelala naangalia dari, sijui kama nimeamka au vipi.

Kisha wakaimba ule wimbo wako wa Mama Maria. Waliuimba vibaya, sikufichi. Mzee Deo na besi yake, akina mama wote sauti ya kwanza, katikati patupu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha sauti ya pili tukiwa tunafua, povu limekufika viwikoni. Ulikuwa ukiniambia, "Shika yako, usiwafuate wale wa juu." Kwenye ubeti wa pili nikasikia mtu anaishika ile sauti, polepole, haiachii. Nilijua ni wewe. Nilifurahi sana, Mama. Halafu nikahisi sauti ile inatoka kwenye koo langu mwenyewe.

Nje hakuna aliyeniita. Walimaliza ubeti ule, wakaanzisha mwingine. Nikainuka, nikafungua komeo.

Walikuwa wameniachia nafasi kwenye mkeka. Nikamuuliza Mama Koleta walijuaje kama nimo. Akanionyesha tu kwa kidevu. Ndala zangu zilikuwa mlangoni, zimepangwa vizuri kabisa. Mwanao amejifungia ndani kumkimbia Mungu, na viatu amevivua nje. Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Zikaja nia za maombi. Mmoja alimwombea mgonjwa wa Tabata, mwingine mtoto anayefanya mtihani. Ilipofika kwangu niliogopa kusema maneno mazuri ambayo sina. Nikasema, "Bwana, mimi sijakuelewa. Lakini mama yangu unaye wewe, na sina pengine pa kumtafuta." Wakaitikia wote, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nikalia kile kilio ambacho makaburini kilinigomea. Bi Mwanahawa akaja na chai, akanishika bega.

Sijapona, Mama. Zipo asubuhi ambazo nakutengea kikombe, kisha nakumbuka na kukirudisha kabatini. Ila hata hizo asubuhi siko peke yangu chumbani. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nakaa kimya, na kimya chenyewe kinanisikiliza.

Nakuahidi jambo moja tu, maana ahadi nyingi ulikuwa huziamini. Siku nikimkasirikia Mungu tena, na nitamkasirikia, nitakwenda kumwambia usoni pake.

Lala salama, mama yangu. Siku ya maziko watu waliniambia, "Tutaonana naye," nikanyamaza kwa sababu sikuamini. Leo neno hilo naliandika mwenyewe: tutaonana.

Mwanao,
Fide