Nani Alimwitikia Bi Doreen

Hyoja, Chuncheon
Jumatatu asubuhi, mwezi wa Juni

Kwa Kaka yangu Han-gyeol,

Hujambo huko milimani? Naomba barua hii ikukute mzima, malengelenge ya miguu yamepona na sajini wenu amepunguza ukali walau kidogo. Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi, lakini ukimuuliza anasema si kikohozi, anasafisha koo. Baba na Mama walipiga simu juzi kutoka Ulsan, wanakusalimu sana. Kabichi ulizotusaidia kutia chumvi ulipokuja likizo bado tunazila, na kila Bibi akifungua chombo anasema mkono wako una chumvi nyingi kama wa marehemu Babu.

Najua utacheka kupokea karatasi wakati jioni mnaruhusiwa kushika simu. Lakini unanijua, Kaka. Kwenye simu mimi ni mtu wa "ndiyo" na "haya". Maneno hunijia nikiwa peke yangu na kalamu, na ya leo ni mengi. Najua pia kwamba Bibi amekwisha kukusimulia mambo ya ukumbini kwa namna yake. Mimi nataka kukusimulia yalivyokuwa.

Tangu nimalize shule Februari nimekuwa nikifanya kazi kwenye ule ukumbi mdogo wa maonyesho karibu na mto, kwa Mwalimu Seonu. Ameandaa mchezo wa nyimbo pamoja na watu wa mji wa Hull, Uingereza. Ni hadithi ya wanawake wawili wasioonana maishani. Mmoja ni msichana wa kiwanda cha wigi Seoul, enzi zile za Bibi, naye anaimba Kikorea. Mwingine ni mwimbaji wa vilabu vya wafanyakazi huko Hull, amenunua wigi lililoshonwa na yule msichana, naye anaimba Kiingereza. Kila mmoja ana upande wake wa jukwaa. Mimi nakaa nyuma kabisa, kwenye kibanda chenye kioo, nabonyeza kompyuta ili tafsiri itokee kwenye skrini juu yao. Kazi hii inanifaa. Hakuna anayeniona, na Kiingereza changu, ambacho kinakataa kutoka mdomoni, kinatoka vidoleni bila tabu.

Unakumbuka mwaka juzi Mwalimu Seonu alipokwenda nyumba ya wazee ya mtaa kuwaomba kina bibi wamsimulie ujana wao? Bibi ndiye aliyemwambia habari za kiwandani, jinsi walivyoshona unywele mmoja mmoja hadi macho yakatoa machozi, na jinsi alivyokuwa akijiuliza kila wigi likifungwa kwenye boksi, hili linakwenda kukaa kwenye kichwa cha nani? Swali hilo Mwalimu aliligeuza. Akampa yule mwanamke wa Hull wimbo, amesimama mbele ya kioo, anauliza nywele hizi ni za nani. Nilipousikia kwenye mazoezi ya kwanza nilitaka jambo moja tu, Kaka. Nilitaka Bibi aketi kiti cha mbele ausikie mpaka mwisho, ajue kwamba swali lake lilivuka bahari na mtu akalijibu kwa swali.

Anayeuimba ni Bi Doreen. Ni rika la Bibi, mnene, mcheshi, na akila pilipili yetu anageuka mwekundu kisha anaomba nyingine. Siku ya kwanza alituambia tumwite Doreen tu, bila heshima yoyote mbele. Nani angethubutu? Tulijaribu, ndimi zikagoma, tukamrudishia u-Bi wake.

Onyesho la majaribio lilikuwa Jumanne mchana, na walioalikwa ni kina bibi wa mtaa. Walikuja wamependeza, na mahindi ya kuchemsha kwenye mikoba. Bibi alivaa lile koti la rangi ya zambarau alilovaa kwenye harusi ya Mjomba. Bi Doreen alipoanza wimbo wake, kina bibi hawakujua Kiingereza hata neno, lakini sauti waliielewa. Alipofika mwisho wa beti, pale pumzi inapokata, Bibi akafanya alichofanya maisha yake yote mtu akiimba vizuri. Akapiga ukelele, "Olsu!" Na Bi Gong wa mafuta ya ufuta, aliyekaa kando yake, akadakia, "Ndiyo hivyo! Mwaga, mama, mwaga!" Ukumbi wote ukachangamka.

Bi Doreen akakatisha wimbo katikati ya neno. Alishika wigi kichwani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyerushiwa kitu, akatoka jukwaani. Hakurudi. Taa zikawashwa, na dada mmoja wa mlangoni, mgeni kwenye kazi, akamwinamia Bibi akamwambia hapa si sokoni. Nilishuka mbio, nikakuta kiti kitupu. Alikuwa amepanda basi peke yake.

Nilipofika nyumbani alikuwa analikunja lile koti kulirudisha sandukuni. Hakunigombeza wala hakulia. Alisema tu kwamba amenitia aibu kazini kwangu, na kwamba mzee asiyejua dunia imebadilika afadhali akae na vyungu vyake. Chakula hakugusa.

Usiku huo nilikuwaza sana. Nilikumbuka ua wetu wa zamani, kabla hatujahamia ghorofani, wewe ukipiga beseni la plastiki lililopinduliwa, mimi nimejificha nyuma ya mitungi ya soya kwa sababu siwezi kuimba nikitazamwa, na Bibi mikono imejaa pilipili hadi viwikoni, anatandaza kabichi na kutuitikia. "Olsu! Huyo nani huko nyuma? Mbona kasuku wangu kapotea?" Ulimuuliza siku moja kwa nini anatupigia kelele. Alisema anayeimba bila kuitikiwa analia tu. Alisema ule ukelele hausifu, unamshika mtu kiwiko asianguke. Nilikuwa mdogo, nikadhani kila mtu duniani analijua hilo.

Kumbe halijulikani. Kesho yake Mwalimu Seonu alitukusanya, akasema Bi Doreen atakubali kuimba siku ya ufunguzi, Jumamosi, lakini hawezi watu wakipiga kelele. Wageni wa manispaa wanakuja, na wao ndio watakaosema kama mchezo utakwenda Hull msimu wa vuli au utafia hapa. Kwa hiyo tangazo litokee kwenye skrini kabla ya kuanza: watazamaji wote wakae kimya. Mimi ndiye niliyeliandika. Habari zilipofika nyumba ya wazee, Bi Gong aliuliza kama wamealikwa msibani, kisha akajisahihisha, akasema hata msibani watu hucheza karata.

Alhamisi wenzangu walipokwenda kula tambi baridi, nilibaki kibandani. Bi Doreen akaja jukwaani peke yake, akaanza wimbo kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho wa ile beti alinyamaza, akatazama viti vitupu kama mtu anayesubiri kupigwa kofi. Kaka, sikujua nafanya nini. Vidole vilitangulia. Nikaandika kwa Kiingereza, na maneno yakatokea makubwa juu ya kichwa chake: "Yule bibi aliyepiga ukelele ni bibi yangu. Hakukufukuza."

Aligeuka, akainua macho, akasoma. Akauliza kwa sauti ni nani huko. Niliandika kwamba ni Ga-eul, wa tafsiri. Akaketi pembeni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, akanisimulia akiongea na skrini. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliimba kwenye klabu moja ya wafanyakazi. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, wengine wakafuata, na msimamizi akaja kumshika mkono akamtoa watu wakicheka. Huko kwao ukisikia sauti katikati ya wimbo wako, jua wanataka ushuke. Tangu siku hiyo ameimba miaka mingi, lakini sauti yoyote kutoka gizani kwake ni ya mtu yule yule.

Nikamwandikia mambo ya kiwiko. Nikamwandikia ua wetu, mitungi, na beseni lako. Nilikosea tahajia mara kadhaa na sikurekebisha. Aliposoma akasema nimwambie bibi yangu aje, na kwamba atajitahidi.

Lakini Mwalimu Seonu hakukubali kuliondoa tangazo. Hakuwa mkali. Alisema amekwisha kumwona mama wa watu akikimbia mara moja, hatamjaribu mara ya pili mbele ya wageni. Bibi naye nilipompa mwaliko, alikuwa akikata mikia ya maharage yaliyochipua, akaendelea kukata hadi bakuli likajaa. Mwisho akasema, "Haya, nitakuja, kwa kuwa kaniita mwenyewe. Lakini mdomo nitauacha nyumbani." Na kweli, Jumamosi mchana alikuja amevaa barakoa, ile nene ya msimu wa vumbi, na koti la kila siku.

Alikaa mbele, Bi Gong kulia kwake, na kushoto bwana mmoja wa manispaa mwenye tai. Tangazo likatokea, watu wakatii. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Yule msichana wa kiwandani aliimba vizuri mno, na wimbo wake ukaangukia kwenye kimya kile kama jiwe kwenye theluji. Kisha ikawa zamu ya Bi Doreen. Alisimama mbele ya kioo na wigi lake, akaimba, akafika mwisho wa beti. Akangoja. Nakuapia alingoja, Kaka; wapiga ala walitazamana. Nilimwona Bibi kwa nyuma. Mabega yake yaliinuka, pale pale panapostahili ukelele, kisha yakashuka. Alikuwa ameibana barakoa kwa kiganja. Na Bi Doreen, ambaye juzi aliogopa sauti, sasa nilimwona anaogopa kimya. Beti iliyofuata ikaanza kumponyoka.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya ukumbi. "Olsu!" Ilichelewa kidogo na ilipasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza kuwika.

Bi Gong akageuka kutazama, halafu hakuweza kujizuia: "Ndiyo hivyo!" Na Bibi akaivuta barakoa chini, akatoa ukelele ambao ulimfanya bwana wa manispaa aangushe karatasi zake. Kina bibi wote wakaitikia. Bi Doreen alifumba macho, nikadhani basi, ataondoka. Lakini alicheka, akicheka huku anaimba, na sauti yake ikashuka kifuani ikawa nzito na pana. Alitembea hadi ukingoni mwa jukwaa, mbele ya Bibi, akauliza swali la wimbo: nywele hizi ni za nani?

Skrini ilikuwa tupu. Mtu wa tafsiri alikuwa amesahau kubonyeza tangu ule ukelele wa kwanza. Lakini Bibi hakuhitaji tafsiri ya swali lake mwenyewe. Alisimama akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, "Zangu! Hizo zangu!"

Bi Doreen alivua wigi, akampa kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kumpa mkubwa kikombe. Wigi lile, Kaka, lilinunuliwa mwaka jana mtandaoni. Bibi alilipapasa kama mtoto aliyelala, watu wakalia, mpaka bwana wa tai. Kwenye basi nilimuuliza kama aliwahi kuuza nywele zake. Alisema, "Nani hakuuza? Baba yenu mkubwa alisomeshwa na nini?" Kisha akatazama nje hadi tukafika. Miaka yote tumemcheka kwa kukata nywele fupi kama mwanajeshi, na hatukuwahi kuuliza.

Tangazo limeondolewa. Mchezo utakwenda Hull. Mwalimu Seonu alinigombeza kwa skrini tupu, nikamwambia kidole kiliteleza. Sasa mtaa mzima unataka kujua ni nani aliyeitikia kwanza. Bibi amekuambia ni Bi Gong, najua. Ameshikilia hivyo, na jana alimpelekea sahani ya mandazi ya mchele kumshukuru. Bi Gong mwanzo alikana, ila sasa amezoea sifa, anasema neno lilimtoka lenyewe. Lakini Bi Gong alikaa mbele, na sauti ilitoka nyuma.

Ilikuwa yangu, Kaka. Nilifungua dirisha la kibanda nikaipiga. Mimi, ambaye mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba hajui sauti yangu. Nilibaki nimeshika dirisha kwa mikono yote miwili, ndiyo maana skrini ikawa tupu. Hakuna anayejua, wewe ni wa kwanza.

Leo mchana Mwalimu Seonu atachagua mtu wa kusafiri nao, akae katikati ya watazamaji wa Hull awafundishe kuitikia. Alimwomba Bi Gong, naye kasema hawezi kuacha ufuta wake. Nitamwambia ni mimi, na kwamba nataka kwenda. Vuli yote sitakuwepo, na wewe utakuwa bado jeshini, kwa hiyo nakuomba umpigie Bibi simu kila jioni, hata akisema hana la kusema.

Vaa soksi kavu. Usigombane na sajini. Bibi anakusalimu, Baba na Mama wanakusalimu, Bi Gong anasema ukija atakupa chupa ya mafuta bure, nami nakutakia afya na usingizi wa kutosha. Hapa Bibi ananiita mara ya tatu, chakula kinapoa. Nitamwambia yeye kabla ya Mwalimu. Nadhani atakasirikia kwanza mandazi yake.

Mdogo wako akupendaye,
Tak Ga-eul