Salama ya Siku Kumi na Moja

Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Leo, tarehe tisa, naahidi mbele ya karatasi hii kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayonitia uzito mkononi. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua ni kama mgeni: haiingii ndani kabla ya kubisha hodi. Basi nabisha. Shikamoo. Hujambo wewe, na mkaza mjomba, na pacha wenu? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha, au umekizoea?

Ukiuliza sisi tuko hali gani, hapo ndipo kalamu inapokwama. Zamani ningeandika "sisi hapa salama" kabla hata sijafikiri. Siku hizi neno hilo nyumbani kwetu tunalishika kwa kitambaa, kama sufuria iliyotoka jikoni. Nitasema hivi: Bibi magoti yanamuuma asubuhi na kupoa mchana. Mama amekonda hadi sketi anaifunga kwa pini mbili. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Unajua kwamba ulipoacha kazi ya kituo cha nyuklia miaka miwili iliyopita, ndipo Mamlaka ya kusimamia usalama wa mionzi ilipompa Mama kazi ya kukikagua. Kabla ya hapo wasingemruhusu amkague kaka yake. Bibi alicheka sana, akasema sasa Mama atapekua hata mifuko ya koti ulilolisahau mlangoni. Koti bado lipo, Mjomba. Hakuna aliyelipekua.

Mwezi wa tatu Mama alianza kurudi nyumbani akiwa kimya. Ni lile bwawa la ndani, ambamo mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika hulazwa chini ya maji ili yapoe na mionzi yake izuiwe. Maji hupungua kidogo kwa mvuke, nayo huongezwa. Hilo ni la kawaida. Lakini mwaka huu yanayoongezwa ni mengi kuliko yanayoweza kupotea kwa mvuke. Tofauti yake kwa wiki ni kama kina cha vidole viwili juu ya bwawa zima. Maji hayo yanakwenda mahali, na hakuna anayejua ni wapi, wala tangu lini.

Mama alifungua karatasi za zamani kutafuta hiyo "tangu lini." Akazikuta siku kumi na moja za mwaka wako wa mwisho kazini. Kipimo cha maji kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, na siku hizo hizo bomba la kuongezea maji lilifungwa ili koki ibadilishwe. Kwa miaka yote, Mjomba, hizo ndizo siku pekee ambazo maji yaliachwa peke yake. Kama mtu angeinama akasoma mistari iliyopakwa rangi ukutani mwa bwawa, akaandika namba, leo tungejua kama bwawa lilikuwa zima wakati huo au lilikwisha kupasuka.

Namba hazipo. Penye "hali ya maji" pameandikwa "Salama", mara kumi na moja, kwa mwandiko wako wenye ile S iliyojikunja kama mkia wa paka. Zamu nyingine mbili ziliandika tu "kama zamu iliyopita." Kwa hiyo salama thelathini na tatu zote zimezaliwa na kumi na moja zako.

Mama alipoitambua ile S aliifunga faili, akaenda kwa mkurugenzi siku ile ile, akamwambia huyu ni kaka yangu, niondoeni hapa. Faili akapewa mkaguzi mwingine. Sasa Mama anazunguka hospitalini kukagua mashine za eksirei. Watu wanasema ameshushwa. Yeye huwajibu kwamba hakutolewa, alijitoa, na kwamba mkaguzi anayemkagua ndugu yake ni sawa na mtoto anayejisahihishia mtihani.

Mamlaka ilikuandikia tarehe mbili Mei. Ni wiki ya sita sasa. Simu yako inaita mpaka inachoka.

Wakati huo huo walifanya kikao cha wazi katika ukumbi wa shule yetu. Ni utaratibu wao: jambo likionekana kituoni, wananchi waambiwe kabla hawajaambizana. Tulipanga viti mia mbili na bado watu walisimama kwenye madirisha. Mkurugenzi alieleza yote kuhusu bwawa, bila kukutaja, wala hakuficha kwamba kuna karatasi zisizo na namba. Alisema waendeshaji wa kituo walikuwa wakiripoti kila siku kwamba hali ni salama. Hapo fundi viatu wa kona ya posta akasimama, na unajua yeye hasimami ovyo kwa sababu ya mguu wake.

"Samahani mama mkubwa wa Mamlaka," alisema. "Salama hiyo ni ya kupimwa, au ni ile ya kuamkiana?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Maana kila mtu ukumbini alijua. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unasema salama hata kama mtoto analia na mwenye nyumba yuko mlangoni. Ni adabu. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kwa miaka yote: waliisoma ile karatasi kama mtu anayeitikia hodi.

Mkurugenzi alizikunja karatasi zake. Kisha akasema, "Sijui, baba. Nikijua, mtajua siku hiyo hiyo." Nilitegemea watapiga kelele. Hawakupiga. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ndogo kwamba huyu angalau anasema sijui. Lakini wakati wa kutoka hakuna aliyesalimiana na mwenzake.

Tangu siku hiyo Mamlaka imelifuta neno hilo katika karatasi zote. Anayeandika "salama" anarudishiwa karatasi yake. Ni namba tu, na saa, na jina la aliyeiona. Na kila asubuhi saa nne wanabandika kipimo cha bwawa kwenye ubao nje ya ofisi yao, pamoja na maji waliyoongeza. Nikipita wakati wa mapumziko nanakili kwenye daftari. Nikirudi, Bibi huniuliza, "Maji yameamkaje leo?" Namtajia namba. Ananiambia nirudie, kana kwamba nikirudia itakuwa nzuri zaidi. Haiwi. Juzi waliongeza maji mara mbili kwa siku moja.

Shuleni wamekumbuka lile jina walilokuita kazini, Bwana Salama. Sasa mimi ni mpwa wa Bwana Salama. Wananikuta koridoni, wananiuliza habari, kisha wanasema usijibu, usijibu, tunajua. Najitahidi kucheka nao. Rafiki yangu mmoja amehamia dawati la mbele.

Sasa nifike kwenye visima. Mtu wa Mamlaka huja kuchota maji katika kisima cha shule na kile cha nyuma ya karakana, anachotumia Bibi. Anajaza chupa, anabandika karatasi, anaandika saa. Mwanzoni alikuwa mcheshi. Alimwambia Bibi kwamba yeye ndiye mwanamume pekee mjini anayeiba maji na kutoa risiti. Majibu ya kupima mionzi yalikuwa yakibandikwa ubaoni, na kila mara pameandikwa: haikuonekana. Jumanne iliyopita, kwa kisima cha karakana, maneno yamebadilika: imeonekana, chini sana ya kiwango.

Mwalimu wa sayansi alitueleza kwamba chini ya kiwango maana yake ni chini ya kiwango, na tusiongeze chumvi. Namwamini. Lakini imeonekana si sawa na haikuonekana, na hilo hakulipinga. Yule mtu amekuja mara mbili wiki hii. Hakufanya utani. Mara ya pili aliacha geti wazi.

Bibi ameanza kuchemsha kila tone. Nilimweleza kwa heshima kwamba kitu cha namna hii hakifi kwa kuchemshwa. Akaniambia, "Najua, mjukuu wangu. Sichemshi maji, nachemsha hofu." Kisha akasema tena kwamba mwanawe hawezi kuandika asichokiona. Husema hivyo kila siku, na kila siku sauti inapungua kidogo.

Ninachokuomba si kwa ajili ya kumkomoa mtu. Jibu lako ndilo litakalowaonyesha pa kuanzia. Kama uliyaona maji na hayakushuka kupita mvuke, basi ufa ni mpya, watachimba karibu na bwawa, na visima vya mtaa wa chini haviko mashakani. Kama hukuyaona, itabidi wahesabu kwamba maji yanatoka tangu zamani na yamekwenda mbali, wawafungie visima watu mia nne, waanze kuwapima watoto. Mkurugenzi ataamua kabla ya kikao cha pili, tarehe 27. Asipojua, atachagua lililo baya zaidi, na Mama anasema ndivyo inavyopasa.

Mama hajakuandikia kwa sababu haruhusiwi kuzungumza nawe juu ya faili hiyo, naye sheria anaishika. Nilimwambia nataka kukuandikia mimi. Alikuwa anakunja nguo. Alisema jibu lolote utakalonipa atalipeleka lilivyo kwa mkaguzi mwenye faili, hata likikuumiza, na nikuandikie hivyo ili usije ukasema ulitegwa. Kisha akasema, "Sikutumi, wala sikukatazi." Akaendelea kukunja shati lile lile.

Nimelala na kumbukumbu mbili, na zinagombana. Ya kwanza, nilipokuwa na homa ile kali Mama akiwa safarini, alipiga simu, nawe ukamwambia salama, ukaniwekea kidole mdomoni. Ulitaka asihangaike. Ya pili, siku uliponisaidia jaribio la sayansi, nikasoma kipimo cha maji nikiwa nimesimama. Ulinishika bega ukaniambia maji hayasomwi kwa kuyatazama kutoka juu. Mtu huinama mpaka jicho lilingane nayo, ndipo aandike. Mpaka leo darasa zima nimewafundisha hivyo. Mimi naishikilia ya pili.

Bibi anakusalimu na kusema soksi alizofuma kwa ajili ya miguu ya pacha ziko tayari, atampa anayekuja huko. Mama anakusalimu kwa salamu ya dada, si ya kazi. Mpe mkaza mjomba heshima zangu, na pacha wabusu vichwani. Mungu akupe usingizi, akupe na ujasiri wa kuamka.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda kabla ya jibu na baada yake.

Barua huchukua siku nane kuja. Ukiijibu siku utakayoipata, itafika kabla ya tarehe 27. Siku zile kumi na moja, Mjomba, uliinama?