Mume Wangu Hakutetemeka Mbele ya Daktari

Mpendwa Bi Khamisa, mshauri wetu, salamu nyingi kutoka Mutuini. Naomba unisaidie haraka kwa sababu mambo yangu yatafika kanisani Jumamosi hii na sijui uso nitauweka wapi.

Mimi ni mke wa Zedekiah Oduor, mkata nyama katika bucha moja hapa Dagoretti, mtu mpole, Msabato ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya busaa, na mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka wenyewe, wateja wakaanza kusema, "Oduor siku hizi anaanza na chupa asubuhi," wengine wakahamia bucha ya ng'ambo ya barabara, mpaka tukafika kwa daktari tukaambiwa ni Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke, akakamae na kutembea polepole, akapewa tembe, na kwa kweli akizimeza anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Sasa mwaka huu tukapata bahati akaingizwa kwenye utafiti katika kliniki moja kule Karen, madaktari wanatafuta namna bora ya kuutambua ugonjwa huu na kuutibu, na Daktari Kanyiva akamwambia siku ya kupimwa aje bila kumeza dawa tangu jioni, wamwangalie hivyo kwanza, halafu wampe dawa palepale na wamwangalie tena, na ati watamrekodi video itazamwe na madaktari wengine. Bi Khamisa, video! Nikampeleka kwa kinyozi, nikapiga suti pasi, lakini asubuhi nikamwona anavyohangaika na kijiko nikajiuliza, huyu ndiye nitampeleka mbele za watu? Nikamwambia ameze dawa, akakataa, "Philister, si daktari alisema niende tu vile niko?" Nikamwambia, "Hiyo ni kusema tu! Hata mgeni akikuambia usijisumbue, si unachinja kuku?" Bado akakataa, kwa hivyo nikaisaga tembe nikaikoroga kwenye uji wake wa wimbi, nikaongeza sukari, akanywa wote.

Alitembea kwenye ile korido kama baba anayekwenda kupokea ng'ombe wa mahari, akafungua na kufunga vidole, akageuka bila kuyumba, na hata daktari alipomjia kwa nyuma akamvuta mabega ghafla, tabia gani hiyo kwa mtu mzima, hakuanguka. Daktari akamuuliza, "Mzee, leo hujameza dawa kabisa?" akajibu, "Hata moja, daktari," na mimi nikaangalia simu yangu. Wakampa dawa yao, wakampima tena, akawa vilevile ila na kizunguzungu kidogo. Baadaye wakatuita wakasema hawaoni tofauti kabla ya dawa na baada yake, huenda ugonjwa si huo, watamtoa kwenye utafiti, arudi kliniki ya kawaida achunguzwe upya, na mpaka hapo aendelee na tembe zake.

Mume wangu hayo mengine hakuyasikia, alisikia "si huo" tu. Dada yake Joyline akapiga vigelegele tulipofika tu getini kwetu, tembe zikatupwa chooni, na Jumamosi ni ibada ya shukrani, Zedekiah atatoa ushuhuda kwamba amepona, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Lakini tangu aache dawa hawezi hata kujigeuza kitandani, jana ameanguka mlangoni, na Joyline anasema ni shetani anapigana na ushuhuda. Swali langu ni hili, hao madaktari walisomea wapi, mbona wameshindwa kuuona ugonjwa ambao hata wateja wa bucha waliuona, na je, nitafute kliniki nyingine yenye wataalamu wa kweli?

Ni mimi,
Philister, Mutuini

BI KHAMISA ANAJIBU

Philister mwanangu, mara ya kwanza nimeisoma barua yako nikacheka, mara ya pili nikashika kichwa. Unauliza madaktari walisomea wapi. Popote waliposomea, hawakufundishwa kutafuta tembe ndani ya uji.

Umemwita fundi aje aone bomba linavuja wapi, kabla hajafika ukafunga maji kwenye mita, sasa unatangaza mtaa mzima kwamba hajui kazi! Walitaka kumwona Zedekiah akiwa amekakamaa, kisha wamwone dawa ikimlegeza. Ile tofauti ndiyo iliyokuwa kipimo chenyewe, nawe ukaisaga na sukari.

Wale hawakuwa wageni, mama. Mgeni ukimchinjia kuku, anakula, anashukuru, anaaga. Daktari ukimpambia mgonjwa, anaandika anachokiona, na alichokiandika ndicho watakachomtibia mumeo. Kesho kuna mgonjwa mwingine, simjui wala humjui, ataambiwa kwamba dawa hii kwa wengine haileti tofauti, kwa sababu kuna mzee wa Mutuini alitembea vizuri kwenye video. Na yule mzee, mtu mkweli, umemfanya amdanganye daktari bila yeye kujua, tena ukamnywesha dawa maradufu halafu unashangaa kizunguzungu.

Usidhani sikuelewi. Kuona mumeo, asiyejua hata harufu ya pombe, anaitwa mlevi na watu wanaonunua robo kilo, hilo linauma, na mimi lingeniuma mpaka nikose usingizi. Lakini asubuhi ile hukumlinda yeye. Ulijilinda wewe, usionekane mke wa mtu anayetetemeka.

Na nyinyi madaktari msijikohoze huko nyuma. Mlimwambia mzee aje bila dawa, sawa. Huyu mama anayempikia na kumpa tembe mkononi, mlimweleza sababu, au mlimwonyesha kiti akakae asubiri? Siku nyingine mwiteni naye chumbani, mumwambie kwa lugha ya nyumbani kwake mnatafuta nini.

Philister, sasa nisikilize, na hili si la kujadiliana na Joyline. Weka gazeti chini umpigie Daktari Kanyiva leo hii. Mwambie kuhusu uji, mwambie kuhusu choo, mwambie ameanguka. Kuacha tembe hizo ghafla kunaweza kumfikisha mtu pabaya sana, lakini usimrudishie kwa kipimo cha kichwa chako, maana vipimo vyako tumeviona. Wao ndio waseme aanze na kiasi gani. Kisha omba wampime upya. Wakikubali, mpeleke bila dawa, hata kama chai itamwagika kifuani na video inaendelea. Wakisema nafasi imeshapotea, kubali, ulijitakia, ila hakikisha ukweli umeingia kwenye faili lake.

Joyline mwambie shetani asisingiziwe, kilichokuwa kikimsimamisha kaka yake kimetupwa na watu chooni. Maombi endeleeni nayo, mimi mwenyewe nasali mara tano kwa siku na dawa ya presha nameza. Mbuzi mleni, hana kosa, lakini msimle kwa jina la uponyaji.

Lililobaki ndilo gumu. Kabla ya Jumamosi, keti na mumeo, nyinyi wawili tu, umwambie ulichofanya. Atakasirika, na ana haki, nawe usianze kulia ili akubembeleze wewe. Mtu huyu anaamini amepona. Akishindwa kujigeuza kitandani, akianguka mlangoni, unadhani anajiambia nini? Anajiambia imani yake ni ndogo. Mtoe hapo, mwanangu. Mwambie imani yake haina kasoro yoyote, na kwamba bado ni mgonjwa.