Barua ya Kwenda Kumwona Kokugonza

Jumatatu, 3 Mei 1954
Nimeanika kahawa, nimekunywa rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, nimerudi mezani. Barua haijaisha. Wiki ya pili sasa mke wangu Kokugonza yuko Bukoba, wodi ya kifua. Bawabu alinirudisha getini: niandike barua kwa daktari, hata ya Kiswahili. Ya Kiswahili! Mimi niliyesoma kwa mapadri miaka mitatu! Kokugonza husema huko nilijifunza kubeba viti tu. Naandika Kiingereza. Asomewe huko wodini, akome.

Jumanne, 4 Mei
Niliandika "permission of see my wife". Mwalimu Rweyemamu, jirani yangu, kacheka mpaka kofia ikaanguka. "Of! Tata, baba yangu, unaomba ruhusa ya nani, ya daktari au ya mkeo?" Anataka "for". Nachekwa na mtu niliyemwona akitambaa. Nimechana karatasi.

Alhamisi, 6 Mei
"For" nayo haikukaa. Mwalimu mwenyewe kaingiwa na wasiwasi, kaenda kutafuta kitabu. Lori la kahawa limepita hapa Nshamba. Dereva kaniita: "Mzee, Bukoba hiyo!" Nikampungia mkono, nitapanda lijalo. Kisa kineno kimoja. Nilijiona bwana mkubwa.

Jumamosi, 8 Mei
"Permission to see". Kitabu kimesema. Mwandiko safi, hauna doa. Nimewasomea mbuzi, hakuna aliyepinga. Lori ni Jumatatu.

Jumatatu, 10 Mei. Bukoba
Amekufa. Jana asubuhi.
Dresa, msaidizi wa daktari, Mhaya wa Kibeta, alinishika mkono kwa heshima. "Waitu, tata, kila lori likilia barabarani alikuwa anauliza kama ni wewe."
Barua ilikuwa mfukoni. Hakuna aliyeiomba. Nilikaa chini kwenye saruji, watu wakanipita. Mpumbavu mimi. Alhamisi alikuwa hai. Alhamisi dereva aliniita.

Jumatano, 12 Mei
Tumemzika kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mwalimu kalia kuliko mimi. Anasema kosa ni lake, angeniambia niende tu. Nimemwacha aseme. Si lake. Nilitaka kumtambia mgonjwa.

Alhamisi, 20 Mei
Wageni wote wameondoka. Nimekata nyasi mbichi, nimezitandaza sakafuni kama desturi yetu. Ilikuwa kazi ya Kokugonza. Nimezitandaza vibaya, pembeni udongo unaonekana. Hakuna aliyenitukana.
Nilisubiri kidogo. Kisha nikakaa.