Maulidi Uani Kwetu

Salala, Omani, 20 Julai 2025

Mama yangu Bimkubwa,

Shikamoo mama. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila uchovu wa kazi za nyumba za watu. Kifua cha baba kimepoa? Nimeomba ruhusa nije kwa maulidi. Tajiri ameitikia kwa kichwa tu. Nianikie nanaa na mchaichai nirudi navyo. Mwambie baba mwaka huu nasimama naye penye sufuria, anifundishe pilau yake. Barua anakuletea Purity wa Waa, mwenzangu wa kazi, anarudi kwao. Simu zetu anazishika tajiri.

Mwanao, Salwa

Vanga, 14 Agosti 2025

Mwanangu Salwa,

Marahaba. Hatujambo, ila baba yako kifua humbana asubuhi, mchana akasahau. Nanaa nimeitandaza kwenye ungo chumbani kwako, maana jua huimaliza harufu. Kotmiri haikubali kuanikwa. Nimeitwanga kwa chumvi na ndimu, nikaitia chupani. Watu wa msikitini wamechagua kupikia uani kwetu, Jumamosi tarehe kumi na tatu Septemba. Baba yako anasema, "Aje basi. Pilau haifundishwi kwa barua." Kisha akaenda kutazama kuni, na maulidi bado mbali. Barua anayo Waziri wa dukani, anakuja huko kwa biashara.

Mama yako

Salala, 15 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Ruhusa nilinyimwa, wageni walijaa. Juzi nikikaanga vitunguu vya watu niliwaza, saa hizi baba anafunika sufuria. Mwambie asinikasirikie. Mbusu mkono kwa niaba yangu. Mwakani inshallah.

Mwanao, Salwa

Vanga, 2 Oktoba 2025

Mwanangu Salwa,

Marahaba mwanangu. Soma ukiwa umeketi. Baba yako ametangulia mbele ya haki. Ijumaa, kesho yake ndiyo maulidi, alitoka kusali akaketi uani kumenya vitunguu thomu na jirani yetu Swabir. Akasema kifua kinambana, akaegemea ukuta. Nilipoitwa nikatoka, alikuwa amekwisha. Tulimzika kabla ya magharibi. Tulikupigia simu mpaka tukachoka.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuchagua mchele. Wakaniuliza, "Bimkubwa, na hivi vyakula?" Nikasema vipikwe, waliokuja kumzika wale. Swabir ndiye aliyepika. Kotmiri niliitoa yote. Watu walikula, mimi sikuonja.

Barua yako, aliyorudi nayo Waziri, imenikuta edani. Salamu zako kwa baba yako nilizisoma kwa sauti, peke yangu. Hakukukasirikia. Asubuhi ile alisema ukoko usigawiwe, uwekewe wewe, huenda ukachelewa kufika.

Mama yako

Salala, 19 Oktoba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Pole mama. Barua niliisoma jikoni. Nikamwambia tajiri, "Baba yangu amefariki." Akasema, "Pole. Wageni wakishakula tutazungumza." Nikapakua, nikaosha vyombo vyote, nikamfuata. Nikamwambia sitaki ruhusa tena, nataka pasipoti yangu. Alinipa bila kunitazama.

Waziri anatangulia na barua hii, mimi nafuata wiki ijayo. Nitafika sijui kupika pilau ya baba, na wa kumwuliza hayupo. Hilo ndilo linalonichoma.

Wewe maliza eda yako. Wanaokuja kutoa pole nitawapokea mimi mlangoni, na sitakulazimisha kusema kitu. Nitapika wali mweupe tu, tule wawili.

Mwanao, Salwa